Mawe ya Mgeni

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, kaeni chini kwanza, na hizo simu zilazeni kifudifudi. Siandiki ili mcheke. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, pitilizeni, shikeni maana. Enzi zetu mtu mzima akisema, mtoto alinyamaza hata kama yule mtu mzima anakosea. Mnasema tulilelewa vizuri. Sawa, tulilelewa. Lakini kunyamaza nako kuna kazi yake, na kazi yake nyingine niliifanya mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi.

Nimezaliwa mahali palipoitwa Kwa Mgeni. Msipatafute, hapapo. Palikuwa kusini ya Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara ukielekea Ipole, siku mbili kwa miguu kutoka mjini. Uhuru ulipokuja nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mama aliniambia siku ile walipika ubwabwa na mimi nikalala usingizi mpaka ubwabwa ukaisha. Kwa hiyo uhuru sikuuonja, nilisimuliwa tu.

Nchi yetu ile haina mawe. Ni mchanga na udongo, miombo na vichuguu. Mtoto wa pale angeweza kufika miaka saba hajashika jiwe lake mwenyewe. Mafiga yetu tulichonga kwa udongo wa kichuguu. Jiwe la kusagia mtama lilikuwa la urithi, mtu akifa ndugu wanaligombania kuliko ng'ombe. Hata mdako tulicheza kwa kokwa za furu. Tulikula furu mpaka midomo ikawa myeusi, tukazikausha kokwa, tukachimba kishimo, tukacheza mpaka tunaitwa kwa ukali. Nyie leo mnacheza kwenye kioo, mtu na kidole chake, wala hamjui nani amewaibia zamu.

Mawe yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye kaburi la Mgeni.

Huyo Mgeni hatukujua jina lake. Wazee walisema alikuja na msafara, amebeba mzigo wa mtu mwingine, mguu umemvimba, wenzake wakamwacha njiani kama chungu kilichopasuka. Bibi yake bibi yangu ndiye aliyempa maji. Akapona, hakuondoka tena. Akawa fundi wa miguu. Mpagazi akipita na donda, na mwiba, na funza, yule bwana alimkalisha, akamwosha kwa maji ya moto na chumvi, akamtibu, huku anamsomea Kurani. Hakuuliza mtu dini wala kabila. Alipokufa, wapagazi aliowaponya wakaanza kuweka mawe juu yake. Ilikuwa desturi yao ya njiani, unaweka jiwe ili miguu iwe miepesi. Na kwa sababu kwetu mawe hakuna, kila mtu ilimbidi abebe la kwao.

Basi yakaja. Meusi laini ya ziwani, kutoka Ujiji. Mekundu ya Singida. Meupe yenye vitundu vitundu, ya pwani, mepesi kama mkate mkavu. Kila kiangazi baada ya mavuno watu walikuja ziara, kutoka Tabora mjini, Isevya, Kanyenye, wengine mbali zaidi. Walipiga dufu, walisoma, walilala kwetu siku tatu. Mwenye dhambi nzito alibeba jiwe kubwa, na wengine tuliwacheka kimoyomoyo tukijiuliza huyu kafanya nini. Mwanamke asiyepata mtoto alibeba jiwe lake mgongoni kwa kanga, kama mwana. Kuna mashehe wa mjini waliosema hayo si ya dini. Walisema, na mwaka wa pili tukawaona na wao wanakuja, wamevua viatu.

Kijiji chetu kiliishi kwa ajili ya wageni wale. Kila nyumba ilikuwa na chumba cha mlango wa nje, cha mgeni. Akina mama walipika ugali wa mtama, kuku, uyoga uliokaushwa tangu masika, asali kwenye kibuyu. Sisi watoto wa kike tuliosha miguu. Ndiyo, tuliosha. Mgeni akifika, kabla ya salamu ndefu, analetewa beseni. Ukikuta funza unamtoa kwa mwiba, polepole, yai lisipasuke. Miguu ya watu niliijua kabla sijaijua herufi moja. Leo nikienda Kanyenye naona vijana wa kiume wanaosha miguu ya akina dada na kuipaka rangi kucha. Nikamwambia mmoja, "Baba, wewe unafanya kazi ya mtume, ila umekosa dua." Akacheka, akaniuliza kama nataka rangi ya waridi.

Mtunza kaburi alikuwa bibi yangu, mama wa mama, Bibi Nyamizi. Utunzaji ule ulikwenda kwa wanawake, tangu yule aliyetoa maji. Mwanamke mrefu, mkavu, mkono wake wa fimbo ulikuwa mwepesi. Macho yalikuwa yameanza ukungu, lakini yale mawe aliyajua kwa vidole. Jioni alinichukua tukafagie pale, akashika jiwe moja moja.

"Hili la nani, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Sijui, Bibi."

"Hili la yule bwana wa Ujiji mwenye jicho moja. Alilibeba kwenye kofia. Na hili?"

"La pwani."

"Pwani kubwa. La nani?"

Nikishindwa napigwa kofi dogo la kisogoni. Bibi hakujua alifu wala a. Ila lile lundo alilisoma lote, kutoka juu mpaka chini, na majina ya watu, na walichoomba, na kama walipata. Akaniambia nitalishika mimi baada ya mama. Akaniambia jambo moja tu la kukatazwa: jiwe likishawekwa, haliondoki. Hata la mdako. Hata dogo kama kokwa.

Halafu ikaja operesheni.

Sitasema mengi. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamesoma kwamba watu walihamia vijiji vya ujamaa kwa furaha, wakiimba. Wapo walioimba. Sisi tuliambiwa twende barabarani, mwendo wa saa moja na nusu, tukae pamoja, tupate shule, zahanati na maji ya bomba. Wazee wakasema tutakwenda baada ya kuvuna karanga. Likaja lori kabla ya karanga. Mgambo walipanda juu ya nyumba zetu, wakang'oa paa, na za waliobishana wakazitia moto. Ya Bibi waliitia moto. Alikuwa amekaa ndani. Mama alimtoa kwa kumvuta miguu, na Bibi hakulia wala hakutukana. Alimwita yule kijana wa mgambo aliyeshika kibiriti, akamwambia, "Mwanangu, mguu wako huo wa kushoto una donda. Lioshe kwa chumvi." Yule kijana akatazama chini. Kweli alikuwa na donda.

Kitu kimoja Bibi alikipata. Alimwomba mkubwa wa operesheni, mbele ya watu, kwamba kaburi liachwe. Yule bwana hakuwa na moyo mbaya. Akasema mbele ya watu wote: pale patakuwa shamba la kijiji, la tumbaku, trekta litakuja mwezi wa tatu. Lakini dereva ataambiwa, penye mawe azunguke. Bibi akamshika mkono. Akasema yatosha. Watu wakaondoka, Mgeni akabaki na mawe yake.

Basi tukahamia. Nyumba zimepangwa mistari kama askari, mlango unatazama mlango. Chumba cha mgeni hakuna. Bibi alilala mkekani pembeni ya jiko letu, na kwenda Kwa Mgeni ilibidi uombe ruhusa, maana kila siku kulikuwa na zamu ya shamba, na anayetoka nje ya kijiji bila kusema aliitwa mtoro. Mvua zikanyesha. Nyumba zetu za zamani, zilizokuwa za udongo bila paa, zikayeyuka zikarudi kuwa ardhi.

Na shule ikaanza. Nawaambia ukweli, niliipenda. Mwalimu wetu, Mwalimu Simoni, alikuwa kijana kutoka mbali, shati jeupe, suruali moja. Tulisoma nje kwanza, tukaandika mchangani kwa kijiti. Akasema tutajijengea darasa wenyewe, kujitegemea. Matofali tutafyatua, miti tutakata, msingi utakuwa wa mawe. Kila mwanafunzi alete mawe matatu kila asubuhi.

Hakujua. Kwao labda mawe yamejaa. Mtu mzima mmoja angesimama akamwambia, "Mwalimu, nchi hii haina mawe," mambo yangeisha. Hakuna aliyesimama. Watu walikuwa wameshaona paa zinawaka, kila aliyevaa shati jeupe wakamwona serikali. Wakawaambia watoto wao, nendeni mkatafute. Wakubwa waliondoka gizani kwenda kwenye vilima vya mbali, wakarudi na jiwe moja, mguu umechanika. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote. Siku ya kwanza nilifika mikono mitupu, viboko vitatu. Siku ya pili viboko vitatu. Siku ya tatu nikajua pa kwenda.

Nilijiambia nitachukua moja tu, la nyuma, la chini, ambalo hata Bibi hajalishika siku nyingi. Nilipita kwenye shamba lenye umande mpaka kwenye mkuyu mkubwa uliokuwa ukingoni mwa kijiji chetu cha zamani. Pale miguu ikagoma. Mtoto akiogopa anatafuta kitu cha kushika, na mimi nilishika hesabu. Nikaliacha jua lichomoze mbele yangu, nikalifuata, nikihesabu kama Mwalimu alivyotufundisha, moja, mbili, tatu, kwa sauti, ili nisisikie kingine. Kutoka mizizi ya mkuyu mpaka mawe, hatua themanini na nne. Nikachukua matatu, nikarudi nikihesabu.

Kila siku hivyo hivyo. Themanini na nne kwenda, themanini na nne kurudi. Wiki ya pili rafiki yangu Sijali akaniotea.

"We Mwajuma, mawe unatoa wapi hayo mazuri?"

"Nayaokota."

"Yanaota kama uyoga? Sema, au nakusemea kwa bibi yako."

Nikamwonyesha. Sijali akamwonyesha dada yake, dada akawaonyesha wale wakubwa, na ndani ya siku chache tulikuwa safu nzima ya watoto alfajiri, kila mmoja na jiwe kichwani juu ya kata ya majani, kama wapagazi. Tuliimba hata nyimbo za mchakamchaka. Nasema hivi mwili wangu unasisimka, kwa sababu nakumbuka kwamba tulifurahi. Hakuna aliyepigwa tena. Ni watoto wa kijiji kile kile, wote tulijua ni mawe ya nini. Tukaambiana hayo ni mambo ya zamani, sasa ni mambo ya maendeleo. Maneno hayo tuliyasikia kwenye mikutano.

Siku msingi ulipokamilika Mwalimu alinisimamisha mbele ya mstari. "Huyu ndiye mdogo kuliko nyote, na ndiye ameleta mengi kuliko nyote. Mpigieni makofi." Akanipa penseli, upande mmoja nyekundu, upande mmoja bluu. Nilikimbia nayo nyumbani. Bibi akaishika, akainusa, akainyanyua mbele ya kila mlango wa mstari wetu. "Mjukuu wangu amepewa hii na Mwalimu! Kwa kazi!" Hakuuliza kazi gani. Alidhani ni kusoma.

Mwezi wa tatu trekta likaja. Dereva alikuwa ameambiwa penye mawe azunguke. Alitazama, hakuona mawe.

Kiangazi kikafika, na mahujaji wetu wakafika. Hawakuwa wengi mwaka ule, kama kumi na watano hivi, maana njiani waliulizwa barua za ruhusa. Mbele yao alikuwa Bi Tatu wa Isevya, msuka vitanda vya kamba, mwanamke mcheshi aliyekuja kila mwaka. Safari hii amebeba jiwe mgongoni, amelifunga kwa kanga mpya.

"Shikamoo Bibi Nyamizi! Wamekuhamisha? Nyumba zenu zimepangwa kama meno ya mzungu!"

"Marahaba. Hilo jiwe la nani?"

"La binti yangu. Miaka sita kwenye ndoa. Mume anasema mwaka huu au arudi kwao."

Bibi akapata ruhusa ya siku moja. Tukatoka, mimi nimemshika mkono, maana ukungu ulikuwa umezidi. Njiani alikuwa akiwasimulia kama kawaida, sauti ya juu, na watu wanapiga dufu. Tulipofika akaniachia mkono, akaenda mwenyewe, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Palikuwa na matuta ya tumbaku iliyokwisha vunwa, mabua matupu, mstari baada ya mstari, kutoka mkono huu mpaka mkono huu.

Akaenda kulia. Akasimama. Akarudi. Akainama akapapasa, akapata bua. Akaenda mbele zaidi. Dufu likanyamaza. Watu wakatazamana. Nikasikia mwanamume mmoja ananong'ona, "Bibi amechoka, kichwa kimemtoka." Bibi alipapasa tuta baada ya tuta kwa magoti, na mavumbi yamempanda mpaka kwenye ushungi.

"Mwajuma, wewe mwenye macho. Liko wapi?"

Nilikuwa nimesimama karibu na mkuyu. Nilijua. Ilikuwa kufungua mdomo tu. Lakini kusema liko wapi ni kusema limekuwaje, na watu wote wale walikuwa wananitazama.

Nikasema, "Silioni, Bibi." Na hilo halikuwa uongo, ndiyo ubaya wake.

Bi Tatu akasogea, akafungua kanga, akalipakata lile jiwe. "Bibi, tuonyeshe mahali popote tu. Hapa au hapo, Mungu anajua. Binti yangu atauliza nimeweka wapi."

Bibi alikuwa angali amepiga magoti. Angeweza kunyoosha kidole. Nani angejua? Watu wangesoma dua, wangekula, mwaka ujao wangekuja, na pale alipoonyesha pangekuwa ndipo. Nimefikiri sana jambo hilo maishani mwangu. Miji mizima ya ziara huenda imesimama juu ya kidole cha bibi mmoja aliyechoka.

Akasema, "Sijui lilipo. Siwezi kukuwekea mwanao juu ya uongo. Rudi nalo."

Bi Tatu alilifunga tena mgongoni. Hakufanya mzaha tena. Hawakulala. Na mwaka uliofuata hakuja mtu, wala mwaka wa tatu, na sasa mjini nikiwauliza wazee wa Isevya juu ya Kwa Mgeni, wananiambia hawajapata kupasikia. Miaka mingi tangu misafara ikome ilishindwa kupasahaulisha. Sisi watoto wa shule tuliweza kwa muhula mmoja.

Baada ya hapo Bibi hakusema sana. Ikaja amri ya kisomo, wazee wote wakajifunze kusoma, jioni, kwenye darasa jipya. Nilimpeleka kwa mkono. Wazee wamekaa chini kwenye mikeka, wanacheka kama watoto, Mwalimu Simoni ubaoni na fimbo yake. Bibi nilimkalisha ukutani. Msingi ulikuwa umepanda mpaka usawa wa goti, mawe yanaonekana, matofali juu yake. Nami nikatoka, nikasimama dirishani na wenzangu kuwachungulia.

"A!" akasema Mwalimu.

"Aaa!" wazee wakaitikia.

Bibi hakuitikia. Mkono wake ulikuwa umegusa ukuta. Niliuona ukisimama. Kisha vidole vikaanza kutembea. Jiwe la vitundu. La pembeni yake, laini. Akageuka akaupa ubao mgongo, mikono yote miwili ukutani.

"Bibi, ubao uko huku," akasema Mwalimu, na wazee wakacheka.

"Ujiji," akasema Bibi. "Mwenye jicho moja."

"Nini, Bibi?"

"Huyu wa pwani, aliomba mume arudi. Alirudi. Huyu simjui. Huyu... huyu ni Mwanaisha, mapacha." Anakwenda kwa magoti kando ya ukuta, jiwe kwa jiwe, anawataja. Wazee wakaacha kucheka. Mmoja mmoja wakainamisha vichwa, na hapo nikajua kwamba wengine walikuwa wamejua zamani. Walituona asubuhi tukipita na mawe kichwani. Walinyamaza.

Alipofika mlangoni, kwenye kizingiti, akanyamaza naye. Mwalimu akaniuliza dirishani, "Bibi yako anasema nini?" Nikamwambia sijui.

Nyumbani alikaa mkekani. Hakuniita mke mwenzake.

"Mwajuma. Lete ile penseli."

Nikaleta. Akaishika.

"Ulibeba mangapi?"

"Sikuhesabu mawe, Bibi."

"Ulihesabu nini?"

"Hatua. Kutoka mkuyu, ukilifuata jua linapochomoza. Kiangazi chote kile... hapana, masika. Themanini na nne."

Nilingoja fimbo. Mpaka leo naingoja. Mama alikuwa anapuliza moto na kujifanya hasikii.

"Themanini na nne," akasema. "Hizo zishike. Umetoa mawe yote, hizo usizitoe. Ijumaa utanipeleka."

Ijumaa ilikuwa zamu ya shamba, ruhusa haikutoka. Ijumaa ya pili alikuwa na homa. Zahanati ilikuwa imejengwa kama walivyoahidi, dawa zilikuwa bado. Akafa kabla ya mvua. Tukamzika kwenye makaburi mapya ya kijiji, mchangani, na kichwani mwake tukaweka kijiti, maana mawe hayakuwepo.

Sasa mtaniuliza, kwa nini sikwenda mwenyewe baadaye, miaka yote hii? Ningekwenda na nini mkononi? Mawe yalikuwa ukutani, na ukuta ule ulikuwa shule ya watu. Nami nilisoma humo. Kila herufi ninayoandika hapa nilijifunza nikiwa nimeegemeza mgongo kwenye jiwe la mtu aliyeomba dua. Sikupata ujasiri wa kuilaani shule, wala wa kuishukuru. Nikaolewa, nikazaa, nikazika. Sijali alikufa akiwa kijana, kwenye uzazi. Nilibaki na namba yangu. Watoto wangu wakilia usiku niliwahesabia, moja, mbili, tatu, mpaka themanini na nne. Walidhani ni wimbo.

Enzi zetu tulikuwa na njaa na tulikuwa na adabu. Nyie mna chakula na mna maswali, na ukweli, maswali ni bora. Mngekuwepo nyie siku ile na midomo yenu mirefu, mmoja wenu angemwambia Mwalimu, "Haiwezekani, mawe hapa hakuna," akala viboko, na kaburi lingebaki. Lakini nyie nanyi mna yenu. Sisi tuliondoa mawe tukijua ni ya nani. Nyie mnaondoa hata hamuulizi.

Juzi walibomoa lile darasa la zamani, limejengwa jipya la saruji na bati la rangi. Vifusi wakasema anayetaka abebe. Nilikuwa kwenye msiba mjini. Nikarudi nikakuta uani kwangu lundo, na wajukuu wangu wamekaa juu ya ndoo na nyundo, wanaponda kokoto. Zainabu, mkubwa wao, ana kitambaa puani, redio imefunguliwa.

"Shikamoo Bibi! Tumepata mawe ya bure! Tunamwaga jamvi la zege la sebule mpya, huna haja ya kununua."

Nilikuwa nimeona jeupe moja, la vitundu vitundu, chini ya mguu wake, na nyundo iko juu.

"Zainabu, shusha mkono."

"Eh, Bibi, ni jiwe tu."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la kokoto, na nguo zangu za msiba. Nikawaambia habari yote, kama nilivyowaandikia nyie, miaka hamsini baada ya siku niliyotakiwa kuisema. Hakuna aliyetazama simu. Zainabu akaizima redio. Mdogo wao, Rehema, ana miaka kumi, alikuja akalishika lile jeupe kwa mikono miwili kama yai. Lile shamba limerudi kuwa pori zamani, na mkuyu bado upo. Mkuyu haukatwi, watu wanauogopa.

Kisha nikasimama, nikawapa amri, na hii ndiyo niliyoitoa, neno kwa neno:

"Nyundo zote ndani. Yaliyovunjika yakusanyeni kwenye gunia, hata vumbi lake. Kesho mkishaswali alfajiri kila mtu wa nyumba hii abebe jiwe kichwani, pikipiki sitaki kuisikia, na mwenye viatu avivue tukifika kwenye mkuyu. Hapo mimi nitakaa kando. Atakayetangulia ni Rehema, alifuate jua, ahesabu kwa sauti, na mtu yeyote asimwongoze wala asimharakishe, kwa sababu hatua ninazozijua mimi ni za mtoto."